Sukari ya Kiwanda, Chuma cha Fundi

Kitabu cha uchumi cha kidato cha tano humaliza jambo hili kwa mistari miwili. Bidhaa za mlaji ni zile zinazokidhi haja ya mtu moja kwa moja. Bidhaa za uzalishaji ni zile zinazotumika kuzalisha nyingine. Mwanafunzi anaandika, anapata alama zake, anafungua ukurasa mwingine. Mimi nimeona mistari hiyo miwili ina ugomvi mkubwa ndani yake, na ugomvi huo una gharama kwa watu wengi wasiowahi kukaa kwenye darasa la uchumi.

Nimewaita watu wanne. Mwalimu anafundisha uchumi. Fundi anaunda mashine za kusaga na kukoboa nafaka. Mama ana mashine ya namna hiyo mtaani kwake. Afisa amefanya kazi miaka mingi katika kodi na forodha. Watu hawa nimewatunga, ila hoja zao utazisikia Gerezani na Vingunguti, Dar es Salaam, na kwenye korido za ofisi za serikali. Mimi ni msimamizi, na sikuahidi kukaa katikati.

MSIMAMIZI: Mwalimu, tupe darasa. Fupi lakini.

MWALIMU: Mwaka 1871 mchumi wa Austria, Carl Menger, alitoa kitabu ambamo alizipanga bidhaa kwa ngazi. Mkate uliopo mezani ni wa ngazi ya kwanza, maana ndio unaotuliza njaa. Unga, chumvi, kuni na ujuzi wa mwokaji ni ngazi ya pili. Kinu na ngano ni ya tatu. Shamba na zana za kulimia ni ya nne. Weka ugali badala ya mkate, mpango hauharibiki. Jambo la kushika hapo ni kwamba ngazi si ya kitu chenyewe. Ni ya kazi kinayofanya. Kilo ya sukari ikiingia kwenye birika la nyumbani ni bidhaa ya mlaji. Kilo hiyohiyo akiinunua muuza maandazi ni bidhaa ya uzalishaji. Pikipiki ambayo karani anaendea kazini ikiuzwa kwa kijana wa bodaboda, imepanda ngazi bila nati hata moja kuguswa.

FUNDI: Kwa sukari na pikipiki sina neno, Mwalimu. Lakini kinu cha nyundo ninachounda mimi hakina maisha mawili. Hakiliwi, hakivaliwi, wala hakuna mtu anakipamba sebuleni.

MWALIMU: Kweli, ziko bidhaa zinazozaliwa zikiwa juu na hufia hukohuko. Na hizo zenyewe ni za aina mbili. Ziko zinazoishia ndani ya bidhaa mpya: mahindi, uzi, umeme, mafuta. Ziko zinazobaki na kuchakaa kidogo kidogo: mashine, jengo, cherehani. Watu wa takwimu wanazitenga. Mahindi aliyonunua mwenye kinu hawayaweki peke yake kwenye pato la taifa, kwa sababu bei yake imeshaingia ndani ya bei ya unga, na kuyaweka tena ni kuhesabu kitu kimoja mara mbili. Mashine wanaiweka, upande wa uwekezaji.

FUNDI: Na thamani yake inatoka wapi? Maana mimi najua ninavyotoka jasho kupinda bati nene.

MWALIMU: Hapo Menger hatakufurahisha. Kwake thamani haipandi kutoka kwenye jasho lako. Inashuka kutoka kwa mlaji. Kinu kina thamani kwa sababu unga una thamani, na unga una thamani kwa sababu kuna mtu ana njaa. Alitoa mfano wa tumbaku: watu wakiamka siku moja hawaitaki kabisa, majani, mashamba na hata ujuzi wa wakataji hupoteza thamani, isipokuwa kile kinachoweza kugeuziwa kazi nyingine.

MAMA: Hilo sikuhitaji Mwaustria anieleze. Mimi nimezaliwa kwenye shamba la mkonge, Korogwe. Baba alikuwa mkataji. Pale shambani kila kitu kilikwenda kwa korona, ule mtambo unaoponda majani ukatoa singa. Korona ikifanya kazi, duka lilikopesha. Korona ikisimama, hata muuza samaki alipita mbali. Basi ikaja kusimama siku nyingi, halafu ikasimama moja kwa moja. Haikuharibika. Vyuma vilikuwa vizima kabisa, mwanangu, na mafundi walikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kutaka zile singa.

MWALIMU: Hebu tukae hapo kidogo, maana Mama ametaja mfano mzuri kuliko tumbaku ya Menger. Mkonge uliletwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Katika miche aliyoagiza kutoka Florida, 62 tu ndiyo iliyonusurika. Kutokana na hiyo, nchi ikaja kuwa ya kwanza duniani. Mwaka 1964 uzalishaji ulipita tani 200,000. Sasa jiulize, singa zile zilikuwa zinakwenda wapi? Sehemu kubwa ilisokotwa kuwa kamba ya kufungia marobota ya nyasi kavu kwenye mashamba ya Ulaya na Marekani. Nyasi zile ni chakula cha ng'ombe wakati wa baridi, ng'ombe anatoa maziwa, maziwa yanakwenda kifungua kinywa. Kwa hiyo korona ya Korogwe ilikuwa imefungwa na kikombe cha maziwa cha mtoto asiyejua Korogwe iko wapi.

MSIMAMIZI: Na mtoto huyo hakuacha maziwa.

MWALIMU: Hakuacha! Ndiyo maana nasema mfano huu ni bora. Mlaji hakubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni ngazi ya katikati: mkulima wa nyasi alipata kamba ya plastiki, nyepesi, isiyooza, na baadaye ya bei rahisi. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 bei ya mkonge ikaporomoka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi ilikuwa inatoa karibu tani 20,000 tu. Mwenye bidhaa ya uzalishaji anaishi kwa amri ya watu asiowaona, na wengi wao si walaji. Ni wazalishaji wenzake walio ngazi ya chini yake.

AFISA: Naomba niingie. Tusiibebeshe plastiki mzigo wote. Mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967, na usimamizi ukalegea. Brazil ilikumbana na plastiki hiyohiyo, na ndiyo iliyokuja kushika nafasi ya kwanza.

MWALIMU: Ni kweli, sibishi. Ila bei ilianza kuanguka kabla ya Azimio la Arusha la mwaka huo.

Nilisitisha ubishi wa mkonge hapo, kwa sababu ungetupeleka hadi magharibi. Kwa maoni yangu wote wawili wana haki: bei iliangusha mashamba, na uendeshaji mbovu ukahakikisha hayasimami tena.

MSIMAMIZI: Fundi, kama mwenye mashine ni mateka wa watu asiowaona, kuna haja gani ya nchi kujisumbua kuunda mashine? Si inunue tu?

FUNDI: Anayenunua mashine ananunua pamoja nayo uamuzi wa mtu mwingine. Kinu cha kutoka nje kimepimwa kwa mahindi ya huko, kwa umeme wa huko usiopanda na kushuka. Kikifika hapa mtu anataka dona asubuhi, sembe mchana, na mhogo mkavu jioni. Mimi ndiye ninayebadilisha chekeche, naongeza nyundo, napanua mdomo. Asiyeunda hajui kubadilisha.

AFISA: Tulikwishajaribu, Fundi, tena kwa ukubwa ambao wewe hujauota. Mwaka 1975 serikali ilipitisha mkakati wa viwanda mama, mpango wa miaka 20. Wazo halikuwa letu peke yetu. Mrusi Feldman aliliandika mwaka 1928, na India ikalifuata kwenye mpango wake wa pili wa miaka mitano, 1956 hadi 1961, chini ya mwanatakwimu Mahalanobis. Kwamba nchi ikijinyima mashati leo ikajenga viwanda vya chuma na vya kuunda mashine, kesho itakuwa na mashati mengi zaidi. Tukapata kiwanda cha kuunda mashine Kilimanjaro kwa msaada wa Bulgaria. Tukapata cha Mang'ula, kilichotokana na karakana za Wachina waliojenga reli ya Tazara. Ubungo na Mbeya tukawa na viwanda vya majembe. Halafu nini? Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, 1978 vita na Idi Amin, 1979 bei ya mafuta ikapaa. Fedha za kigeni zikaisha. Kiwanda cha kuunda mashine kinataka chuma kutoka nje, vipuri kutoka nje, na vyote ni dola. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viwanda vyetu vilikuwa vikifanya kazi chini ya nusu ya uwezo wake.

FUNDI: Mzee, hiyo inanionyesha vita na mafuta. Hainionyeshi kwamba kuunda mashine ni kosa.

AFISA: Inaonyesha pia kitu kingine. Mteja wa kiwanda cha mashine ni kiwanda kingine. Wateja wake nao walikuwa hawana vipuri. Ukipanda ngazi juu sana, unakuta umezungukwa na watu wenye shida ileile.

MWALIMU: Na India?

AFISA: India ilikuwa na chuma chake, soko lake, na watu wengi wa karakana.

FUNDI: Umeona? Watu wa karakana. Rajkot kule Gujarat ni mji wa karakana za injini za dizeli. Walianza wakiunda kwa ajili ya wakulima wao, sasa injini zao zinavuka bahari.

MAMA: Mashine yangu ya kwanza ilikuwa ya dizeli ya Kihindi. Ilikuwa inatoa moshi mtaa mzima, lakini haikunilaza njaa. Na kijana wangu anaendesha bajaji, hiyo nayo ya huko.

Naweka neno langu. Viwanda mama huchekwa siku hizi na watu ambao hawajasoma hata kurasa mbili za mpango wenyewe, na kucheka huko si haki. Ila mpango ule ulikuwa na upofu mmoja: ulimtazama mzalishaji wa mashine kama shirika lenye mkurugenzi, uzio na geti. SIDO, shirika la viwanda vidogo, lilikuwa limekwishaundwa tangu 1973, lakini fedha na fikra zilikwenda kwenye vile vikubwa. Karakana za mitaani ndizo zilizobaki hai wakati vile vikubwa vilipofungwa. Jijini Nairobi, watu wa jua kali wa Kamukunji wanaweza kutoa ushahidi huohuo.

FUNDI: Basi niseme kilichonileta. Mwaka 2005 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa imeundwa upya, ziliweka ushuru mmoja wa forodha. Malighafi na mashine, asilimia 0. Vitu vilivyokamilika nusu, asilimia 10. Vilivyokamilika kabisa, asilimia 25. Kuanzia Julai 2022 kikaongezwa kiwango cha nne, asilimia 35, na bidhaa za chuma ni miongoni mwa vilivyotajwa humo. Sasa mashine nyingi za viwandani na za kilimo zinaingia zikiwa zimekamilika, zimepakwa rangi, na ushuru ni sifuri. Kwa nini? Kwa sababu ni zana za uzalishaji. Mimi ninayeunda zana hiyohiyo nahitaji bati nene, chuma cha pembe, mabomba. Vingi katika hivyo vinaitwa vimekamilika. Tuseme chuma cha mashine moja ni shilingi 800,000 bila ushuru. Weka asilimia 25, inakuwa milioni moja. Nimeshaachwa nyuma laki mbili kabla sijawasha mashine ya kuchomelea. Aliyeleta mashine nzima hakulipia hata senti kwa chuma kilichomo ndani yake.

AFISA: Unaweza kununua chuma cha viwanda vya hapa.

MWALIMU: Na kiwanda cha hapa kitamuuzia kwa bei gani? Kikishajua kwamba cha nje kimepanda asilimia 25, hakina sababu ya kushusha sana chake. Ushuru unamfikia Fundi hata asipogusa bandari. Ukitaka kujua kinga halisi ya mzalishaji, usitazame tu ushuru uliowekwa kwenye bidhaa anayouza. Toa ule uliowekwa kwenye vitu anavyonunua. Kwa Fundi jibu linatoka chini ya sifuri.

AFISA: Sawa, lakini tusisahau kwamba anayeviringisha nondo na kuunda bati naye ni mzalishaji. Ana tanuri, ana wafanyakazi, ananunua chuma chakavu kutoka kwa vijana wa mitaani. Chuma kutoka nje kikiingia bure, tanuri linazimwa. Kila ukimkinga mzalishaji mmoja umemtoza aliye ngazi ya chini yake, maana bidhaa ya mmoja ni malighafi ya mwingine. Hakuna ushuru usio na majeruhi. Serikali inachagua.

FUNDI: Na siku zote inachagua mwenye tanuri.

MAMA: Ngojeni wanangu, msinisahau mimi mnunuzi. Fundi, nakupenda, wewe ndiye unayekuja beringi ikila chuma usiku. Lakini kama dawa yako ni kupandisha ushuru wa mashine za nje ili nije kwako kwa lazima, hapana. Mimi ni mzalishaji pia. Mashine ikipanda bei, kusaga debe kutapanda bei, na jirani yangu atarudi kwenye unga wa paketi.

FUNDI: Sikutaka mashine zipandishwe, Mama. Nataka chuma changu kitazamwe kama kilivyo. Kikiingia kwenye karakana yangu kinakuwa mashine. Si Mwalimu amesema kazi ndiyo inayoamua?

MSIMAMIZI: Afisa, hilo ndilo swali lenyewe. Kwa nini kodi isifuate matumizi?

AFISA: Kwa sababu ofisa wa forodha anaona kitu; nia ya mwenye mzigo haioni. Anafungua kontena, anakuta cherehani. Kitabu cha forodha kinachotumika duniani kina kifungu cha cherehani la aina ya nyumbani, na kingine cha yaliyobaki. Mimi najua, na wewe unajua, kwamba kwenye baraza za miji yetu mafundi wanasomesha watoto kwa cherehani la aina ya nyumbani. Lakini siwezi kumfuata kila mnunuzi hadi kwake nikaangalie anashona sare za shule au anashona mapazia yake. Nikisema kila anayedai ni mzalishaji asamehewe, kesho gari la kifahari litaingia kwa jina la shamba. Na msidhani nasema kwa kubuni. Tulijaribu kufuata matumizi. Kwenye sukari.

MWALIMU: Ya viwandani.

AFISA: Ndiyo. Sukari ya mezani ina ushuru mkubwa sana, kukinga viwanda vya sukari vya ndani. Ila wenye viwanda vya soda, biskuti na dawa wanahitaji sukari iliyosafishwa zaidi, ambayo viwanda vyetu havikuwa vikiitoa. Wakaruhusiwa kuiingiza kwa asilimia 10. Kitu kile kitamu kile, kodi mbili, kufuata kazi, sawasawa na alivyofundisha Menger. Tukaja kugundua kwamba sukari ya viwandani inaweza kuonekana ikiuzwa dukani. Basi kwa miaka kadhaa Tanzania ikawatoza wenye viwanda asilimia 15 za ziada kama dhamana. Ukithibitisha kwamba umeitumia kiwandani, unarudishiwa. Ukaguzi ukachukua muda, marejesho yakachelewa, wenye viwanda wakalalamika kila bajeti kwamba mtaji wao umelala serikalini. Hiyo ndiyo bei ya kodi inayofuata matumizi.

MAMA: Baba, umenisaidia sana.

AFISA: Kivipi?

MAMA: Umekiri kwamba inawezekana. Kwa mwenye kiwanda cha soda mlikaa, mkaandika kanuni, mkaweka dhamana, mkatuma wakaguzi, na hata mlipochelewa mlijua mnamdai nani na mnadaiwa na nani. Sukari yake ikatambuliwa kwamba si ya kunywea chai. Chuma cha Fundi je? Hakuna aliyekaa.

Afisa alinyamaza, halafu akasema ukweli ambao maofisa wengi huusema wakishastaafu.

AFISA: Njia ipo kisheria. Jumuiya ina utaratibu wa nafuu ya ushuru kwa malighafi: mzalishaji anaomba, anakaguliwa, jina lake, aina ya malighafi na kiasi vinachapishwa kwenye Gazeti la Jumuiya. Lakini unataka hesabu zilizokaguliwa, rekodi za uzalishaji, mtu wa kufuatilia barua. Anayeweza hayo ni yule ambaye tayari ni mkubwa.

MWALIMU: Na ndivyo ilivyo kwenye VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Msingi wake ni kwamba kodi hii imwangukie mlaji wa mwisho peke yake. Mzalishaji aliyesajiliwa analipa asilimia 18 kwenye manunuzi, halafu anaikata kwenye kodi aliyokusanya kwa mauzo. Haimgusi. Lakini kusajiliwa ni kwa mwenye mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka na kuendelea. Fundi aliye chini ya hapo ananunua vijiti vya kuchomelea, rangi, mawe ya kukatia, analipa ile 18, na hana pa kuikatia. Sheria haikusema popote kwamba Fundi ni mlaji. Imempanga tu kwenye foleni ya walaji.

FUNDI: Mwalimu, sema tena hilo.

MWALIMU: Kwa jicho la VAT, vijiti vya kuchomelea umevila wewe.

AFISA: Mwalimu anapendeza, lakini awe mkweli upande wa pili. Asiyesajiliwa hatozi VAT kwa mteja wake pia. Hiyo ni nafuu ya bei. Na kuwasajili mafundi wote kungewaua kwa makaratasi.

MWALIMU: Kwa mteja wa nyumbani ni nafuu. Kwa mteja aliyesajiliwa, kiwanda cha unga tuseme, ni kasoro: akinunua kwa Fundi, ile kodi iliyojificha ndani ya bei hawezi kuikata. Ndiyo sababu mojawapo ya kampuni kubwa kupita mlangoni kwa Fundi bila kuingia.

MAMA: Umeme nao. Mimi niko kwenye kundi la T1 la TANESCO. Jirani yangu mwenye feni, jokofu na luninga tatu yuko humohumo T1. Wameandika matumizi ya kawaida: nyumba, biashara ndogo, viwanda vidogo. Umeme wake unaishia kwenye kutazama mpira, wangu unatoka ukiwa unga wa mtaa mzima, na bei ni moja.

AFISA: Kwa hiyo Mama unataka upunguziwe?

MAMA: Nataka nihesabiwe. Kupunguziwa tutaongea baadaye.

Hapo nikakumbuka kauli iliyowachekesha wengi miaka michache iliyopita, ya Charles Mwijage alipokuwa Waziri wa Viwanda, kwamba vyerehani vinne ni kiwanda. Mitandao ilimla mzimamzima. Nikaileta mezani.

FUNDI: Mimi sikucheka.

MWALIMU: Wala mimi. Sera ya viwanda na biashara ndogo ya mwaka 2003 inatambua shughuli ya mtu mmoja hadi wanne, yenye mtaji usiozidi shilingi milioni tano. Inaiita ndogo sana, lakini inaitambua. Waziri alikuwa na karatasi mkononi.

AFISA: Tatizo la kauli ile ni hesabu za kisiasa. Ukihesabu kila baraza kuwa kiwanda, unatangaza maelfu ya viwanda bila kujenga hata kimoja.

FUNDI: Tatizo langu mimi ni jingine. Siku ya kutangaza idadi ya viwanda, fundi cherehani ni kiwanda. Siku ya kukata kodi ya manunuzi, fundi huyohuyo ni mteja wa dukani. Chagueni moja.

Tuliongea mengine, ya mikopo na ya riba, lakini hayakuzidi hapo na siyaweki. Nililoahidi mwanzoni ni kwamba sitakaa katikati, kwa hiyo hukumu yangu ni hii.

Mwalimu ameshinda kwenye maana: bidhaa ya uzalishaji hujulikana kwa kazi. Afisa ameshinda kwenye utekelezaji: dola haiwezi kufuata kila kijiti cha kuchomelea hadi kinapochomwa, na atakayeahidi hivyo anaomba kura tu. Lakini kisa cha sukari kimevunja utetezi wake wa mwisho. Kwa mzalishaji mkubwa tulikubali usumbufu wa kufuata matumizi, kwa mdogo tukasema haiwezekani. Hakuna maana ya kiuchumi katika tofauti hiyo. Kuna urahisi wa kiofisi tu. Na nchi inayosamehe ushuru mashine iliyoundwa mbali huku ikitoza chuma cha anayeiunda hapa, haijachagua kati ya walaji na wazalishaji. Imechagua wazalishaji wa nchi nyingine.

Pandisheni ushuru wa mashine na mtamuumiza Mama. Futeni ushuru wa chuma chote na tanuri la nondo litazimika. Kilichobaki ni kidogo na kinawezekana: nafuu ya ushuru kwa aina chache za chuma zinazoingia kwenye mashine za nafaka, mafuta na umwagiliaji, kwa kiasi kilichopangwa, ikiombwa na mafundi kwa pamoja. Fundi mmoja hana mhasibu, lakini SIDO ina ofisi katika kila mkoa wa Bara na inawajua mafundi hawa kwa sura. Iombe kwa niaba yao, itunze hesabu, ikaguliwe yenyewe.

Wizara ya Fedha hupokea mapendekezo ya kodi kila mwaka, miezi mingi kabla bajeti haijasomwa Juni. Wenye viwanda vikubwa hawakosi kupeleka yao. Mafundi wa Gerezani, Vingunguti na kwingineko, andikeni yenu mwaka huu: aina ya chuma, unene, kilo zinazoingia kwenye mashine moja, na mashine mlizouza mwaka jana. Ambatanisheni risiti.